Fundi wa Ala za Vipimo Zanzibar: Asomeshwe Darasani au Kiwandani?

Zanzibar ilipitisha Sheria ya Mafuta na Gesi mwaka 2016. Oktoba 2018 ukafuata mkataba wa kitalu cha Pemba–Zanzibar, yaani eneo la kutafutia mafuta na gesi, na kampuni ya RAK Gas. Tangu hapo swali la vijana wetu wasome nini halijatulia. Jibu moja linalostahili kusikilizwa ni ufundi wa ala za vipimo na udhibiti viwandani: kufunga, kuhakiki na kutengeneza vifaa vinavyosoma joto, presha, kina na mtiririko, na kuviunganisha na mitambo inayofungua vali au kuwasha pampu bila ya mtu kugusa. Katika hilo wengi wanakubaliana. Mabishano yapo kwenye njia: je, ianzishwe stashahada yake maalumu, au vijana wapelekwe kwenye uanagenzi kazini na mambo mengine yatafuata?

Wanaotaka darasa wana hoja nzito, na huonekana vizuri kwenye kitu kidogo. Chukua ghala la baridi la samaki. Kihisi chake cha joto cha aina ya Pt100 ni kipande cha platinamu chenye ukinzani wa omu 100 kwenye nyuzi sifuri, na huongezeka kwa takriban omu 0.385 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Fundi akikiunganisha kwa nyaya mbili ndefu na nyembamba, na nyaya zenyewe zikawa na ukinzani wa omu 2, kidhibiti kitasoma joto lililozidi kwa nyuzi 5 na ushei. Ghala lililowekewa nyuzi 18 chini ya sifuri litashuka hadi 23, kompresa haitapumzika, na mwenye mali atalia na bili ya umeme. Aliyejifunza kwa kuangalia tu atabadilisha kihisi, atabadilisha tena, na kosa litabaki palepale, kwa sababu halikuwa kwenye kihisi. Aliyesoma atajua kwa nini vihisi hivi huja na waya wa tatu: ni wa kufidia ukinzani wa nyaya zenyewe.

Lakini mhitimu wa darasani naye ana pengo lake, na ni pengo la hatari. Mpe transmita (kifaa kinachogeuza kipimo kuwa ishara ya umeme) ya tofauti ya presha kwenye bomba la mvuke, yenye vali tatu: mbili za kutenga na moja ya kusawazisha. Kwenye mtihani ataeleza vizuri kabisa jinsi mtiririko unavyopatikana kwa kipeuo cha pili cha tofauti ya presha. Mbele ya bomba lenyewe, akifungua vali ya kutenga kabla ya ile ya kusawazisha, presha yote itaangukia upande mmoja wa kiwambo cha ndani, na kifaa cha bei kubwa kinaweza kuharibika hapo hapo. Mpangilio wa vali, kutoa hewa kwenye kibomba cha kupimia, kuomba idhini ya kuzima mtambo kabla ya kugusa waya: haya mkono huyajua kwa kurudia, tena chini ya jicho la mtu aliyekwisha kuyafanya. Hapo watu wa uanagenzi wana haki.

Kuna hoja ya tatu ambayo haizungumzwi vya kutosha, nayo ni ya soko. Zanzibar ni visiwa vidogo. Kazi za ala zipo: pampu na matangi ya maji, vituo vya umeme vinavyopokea nyaya za baharini kutoka Bara, mitambo ya kuchuja maji ya bahari kwenye mahoteli ya pwani, viwanda vya maziwa na vinywaji. Ila chuo kikitoa darasa zima la wataalamu wa ala peke yake kila mwaka, nafasi hizo zitajaa upesi. Kwa hiyo naona stashahada pweke ya ala ni haraka isiyo na sababu. Stashahada ya umeme, ambayo mwaka wake wa mwisho umeelekezwa kwenye ala na vidhibiti vya PLC (kompyuta ndogo za kuendeshea mitambo), inampa kijana mlango wa pili wa riziki pale kazi ya ala inapokosekana. Na kuyasubiri mafuta si mpango, maana maji na umeme vinahitaji mafundi hawa leo.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaosema cheti si kitu. Ng'ambo ya Pemba, pale Chongoleani Tanga, ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443. Mafuta yake yana nta nyingi, kwa hiyo bomba hupashwa moto njia nzima, na joto na presha lazima visomwe muda wote. Kazi kama hizo, na zile za Ghuba wanakokimbilia vijana wetu, huombwa kwa makaratasi. Kijana hodari asiye na cheti kinachotambulika atabaki kuwa msaidizi wa mtu anayemzidi karatasi tu. Hili linaumiza, na uanagenzi usio na mtihani rasmi mwishoni unalizidisha.

Kinachonisumbua zaidi ni kuwa pande zote mbili zinamsahau mwalimu. Ukipeleka wanafunzi kiwandani ambako hakuna aliyepewa jukumu la kuwafundisha, watafagia karakana na kubeba ngazi hadi muda uishe. Ukiwaweka darasani na mwalimu ambaye hajawahi kutafuta hitilafu kwenye mtambo unaofanya kazi, watapata kilekile kilichomo kitabuni. Taasisi ya Karume kule Mbweni na vituo vya mafunzo ya amali vingefaa kuwaajiri kwa saa mafundi wakongwe, hata wasio na shahada, na wahadhiri wao wapelekwe kwenye mitambo wakati wa likizo. Watakaopinga watataja viwango vya sifa za walimu. Viwango vina maana yake, lakini mwenye shahada anaweza kubeba nadharia na fundi akabeba karakana, wote wakasaini daftari moja la mwanafunzi.

Vifaa vya kuanzia si vya kutisha. Matangi mawili ya maji, pampu, vali moja ya kudhibiti, transmita ya kina na chombo cha kupima mkondo wa umeme vinatosha kufundisha mengi. Transmita ya tangi la mita 4 ikitoa mkondo wa miliampea 4 tangi likiwa tupu na 20 likijaa, mwanafunzi akisoma 12 ajue maji yako mita 2. Akisoma sifuri ajue tangi halijakauka, bali pengine waya umekatika. Kisichoweza kukosekana ni kifaa cha marejeo kilichohakikiwa, kwa kuwa kukalibreti, yaani kurekebisha usomaji wa kifaa, kwa geji ambayo nayo ni mbovu ni kuhamisha kosa tu.

Kwa Pemba, mahali pa kujaribia pako tayari. Kiwanda cha mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) cha Wawi na kituo cha amali cha Vitongoji vyote vimo Wilaya ya Chake Chake. Ukeneshaji kwa mvuke, yaani kuyatoa mafuta hayo kwa mvuke kisha kuupoza, una presha ya kulinda, joto la kufuatilia, na maji ya kupozea ambayo yakipanda moto mvuke hutoka na mafuta yake. Wanafunzi wachache, fundi mmoja wa kiwanda anayelipwa kwa kufundisha, msimu mmoja wa kazi, na mtihani wa vitendo mwishoni: jaribio hilo linaweza kuanza bila ya kusubiri kisima cha mafuta wala jengo jipya.