Stelingi nani? Swali ambalo huku majuu halilipi tena

Nilikokulia picha haikuwa na jina, ilikuwa na mtu. Ulikuwa husemi tunaenda kuangalia Commando, unasema leo kuna ya Arnold, kesho ya Van Damme, na ukifika kibanda umiza umechelewa unabanana kwenye benchi unamuuliza wa pembeni swali moja tu, stelingi nani? Akishakutajia umetulia, maana ushajua stelingi hafi, adui mkubwa atapigwa mwishoni na kiingilio chako hakijaenda bure. Hadithi yenyewe alikuwa anatusimulia Lufufu, yule jamaa wa kutafsiri picha kwa Kiswahili, juu kwa juu, na sidhani kama nusu ya aliyokuwa anasema ilikuwemo kwenye picha, lakini nani alijali, Arnold si yupo.

Sasa nipo huku Marekani mwaka wa kumi na moja, nchi yenyewe inayotengeneza hizo picha, na kilichonishangaza ni kwamba wenyewe hawaendi tena kumuangalia staa. Yaani staa wanampenda, wanamfuata Instagram, wanajua kaachana na nani, ila kumtolea hela ya tiketi ndo hawataki.

Niliiona kwa macho yangu Oktoba 2022. Ilitoka picha inaitwa Amsterdam, na kwa jicho langu la kibanda umiza ile ilikuwa sikukuu: Christian Bale, Margot Robbie, John David Washington, Robert De Niro, Rami Malek, Chris Rock, mpaka Taylor Swift kawekwa humo (anakufa mapema sana, msinilaumu, ni zamani). Nikamwambia mke wangu jiandae. Akaniuliza inahusu nini? Nikamtajia majina. Akasema hayo nimeyasikia, nauliza inahusu nini. Nikajaribu kueleza, kuna marafiki watatu, kuna vita, kuna mtu kauawa, nikakwama. Tulienda hivo hivo, ukumbi wa watu kama 200 tulikuwa tisa, na mmoja alikuwa amelala kabla taa hazijazimwa. Ile picha ilitengenezwa kwa kama dola milioni 80 ikakusanya kama 31 dunia nzima, na kumbuka karibu nusu ya hela ya tiketi inabaki kwa wenye majumba ya sinema, na matangazo yana bajeti yake pembeni. Imebuma. Imekula kwao mchana kweupe.

Mtu atasema labda Robbie ndo ana gundu. Maana miezi miwili baadae akatoka tena na Brad Pitt kwenye Babylon, masaa matatu na zaidi, nayo ikadoda. Alafu huyo huyo Margot Robbie, Julai 2023, akatoka na Barbie na ikakusanya dola bilioni 1.4! Miezi tisa tu tangu ile ya kwanza, sura ile ile. Siku hiyo sikupata hata pa kuegesha gari, mabinti wamevaa pinki, wamama wamevaa pinki, kuna mzee wa makamo kavaa koti la pinki na anajiona kabisa. Mke wangu hakuuliza inahusu nini. Barbie anamjua tangu mtoto.

Hapo ndo kuna jibu kwa maoni yangu. Zamani staa ndo alikuwa bima, jina lake ndo lilikuwa linakwambia utakachopata. Arnold maana yake mabomu, Jim Carrey maana yake kucheka, na Jim Carrey 1996 alilipwa dola milioni 20 kwa picha moja kwa sababu hiyo. Saivi bima kahamia kwa mhusika. Mwanangu ana miaka 12, Spider-Man anamjua mpaka rangi ya soksi, muulize aliyemuigiza anaitwa nani anakwambia yule mpya. Yule mpya! Angekuwa kibanda umiza angetolewa nje. Na ukiangalia picha 10 zilizouza sana duniani 2024, tisa ni muendelezo wa kitu kilichokuwepo tayari, na ya kumi ni Wicked ambayo nayo ilishakuwa maarufu jukwaani miaka na miaka. Hakuna hata moja iliyoanza na karatasi nyeupe.

Alafu tuongelee hela maana huku watu wanapiga hesabu. Sisi tupo wanne. Mara ya mwisho tiketi zilitugonga dola 64, bisi na soda tukamaliza dola mia na chenji haikurudi, bado mafuta ya gari. Sasa kwa dola mia mtu habahatishi, anataka kitu anachokijua kitamfurahisha yeye na watoto, na hivo vikatuni vya sehemu ya pili na ya nne havijawahi kumuangusha. Picha mpya hata ikiwa na mastaa sita anasema hii nitaiona nyumbani. Na kweli ataiona! Kabla ya korona picha ilikuwa inakaa sinema peke yake kama miezi mitatu, 2020 studio ya Universal wakakubaliana na AMC, wenye majumba ya sinema, kwamba baada ya siku 17 inaweza kuanza kukodishwa mtandaoni, na wengine wakafupisha wakafupisha, saivi mtu akiona trela hawazi tena siku ya kwenda, anawaza itashuka lini kwenye stirimingi. Wenye studio wamewafundisha wateja wao kusubiri alafu wanalalamika wateja wanasubiri. Na zamani ikibuma sinema kulikuwa na DVD za kufidia, saivi DVD nani ananunua. Mwaka 2019 Marekani na Kanada ziliuza tiketi za zaidi ya dola bilioni 11, 2024 haikufika hata 9.

Ila siwaonei huruma sana hawa wenye studio. Wanajificha nyuma ya sura. Unakuta bango lina vichwa vinane vimepangwa kama picha ya harusi na hakuna hata kimoja kinachokwambia kuna nini humo ndani. Fly Me to the Moon ya 2024, Scarlett Johansson na Channing Tatum, kama dola milioni 100 zimetumika, haikurudisha hata nusu. Nilimuuliza jamaa yangu kazini umeiona? Akasema ile ya mwezini? Basi, hapo ndo mwisho wa anachojua.

Na usiniambie watu hawataki hadithi mpya. Sinners 2025 haikuwa muendelezo wa kitu chochote, ina Michael B. Jordan ndio, tena wawili maana kaigiza pacha, lakini watu walikuwa wanaambiana kwa sentensi moja: Mississippi 1932, mapacha wanafungua klabu ya muziki, usiku wanyonya damu wanabisha hodi. Ukisikia hivo miguu inaenda yenyewe. Imepita dola milioni 360.

Nyumbani nako siwezi kusema ni peponi. Ule mzuka wetu wote wa kibanda umiza ulikuwa kwenye kanda za wizi, tulikuwa mashabiki wakubwa wa Arnold ambao hatukuwahi kumpa hata senti tano. Ila kitu kimoja tulikuwa nacho ambacho huku sikioni: tukishaingia tumeingia, umeme ukikatika katikati ya ngumi hakuna anayetoka, tunakaa gizani tunabishana kama jamaa atachomoka au la mpaka jenereta iwake. Hatukuwa na pa kwenda kuimalizia. Huku nina skrini tatu nyumbani na zote zinaniita.

Juzi mpwa wangu wa nyumbani kanitumia voisi anasema anko, kuna picha mpya nimeiweka kwenye flashi, ina mastaa kibao, umeshaiona huko? Ilikuwa bado ipo sinema hapa, kilomita nne kutoka ninapoishi. Nikamwambia bado. Akacheka sana alafu akaanza kunisimulia, na sauti alikuwa anaiga ya Lufufu.