Mashine Inayouza Mapazia

Mtu akishatumbukia kwenye chuma kilichoyeyuka, amekwisha. Waulize wazee wa hapa Lubumbashi. Mji huu unayeyusha shaba tangu 1911, na mzee yeyote aliyewahi kusimama mbele ya tanuru atakuambia kwamba kinachoanguka mule hakirudi na sehemu ya tatu. Hollywood peke yao ndio hawajaambiwa.

Mimi filamu ya Terminator ya pili niliishaifunga moyoni. Ile ya 1991, ya James Cameron. Arnold Schwarzenegger (jina ambalo huku mtaani Katuba kila mtu analitamka kivyake na wote tunaelewana) anaomba mwenyewe ashushwe kwa mnyororo ndani ya chuma cha moto, kwa sababu mashine hairuhusiwi kujiua. Sarah Connor, mama yake John, yule mtoto anayelindwa, anabonyeza kitufe. Jamaa anazama polepole, mpaka kinabaki mkono, kidole gumba kimesimama. Tulikuwa kwenye benchi za sinema ya video, wanaume wazima, wabeba saruji wa sokoni, na kila mmoja anadai moshi wa michopo, nyama yetu ya kuchoma, umemwingia machoni. Moshi gani, na muuza michopo alishakwenda kulala?

Tena kiwanda chenyewe kilikuwa kimefungwa! Kilikuwa Fontana, California, kilizimika miaka ya 80. Watu wa filamu wakakiwasha kwa taa tu, ukiangalia unaapa kwamba tanuru zinachemka na zamu ya usiku iko kazini. Baba mkubwa, ambaye alistaafu na pensheni yake mpaka leo iko njiani, nilipomsimulia alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama hao mafundi wa taa wanaweza kufika huku.

Sasa, ile ya pili ilishindaje ya kwanza? Ya kwanza, ya 1984, ilitengenezwa kwa dola milioni 6 na kitu. Mashine inatoka wakati ujao kumuua msichana, msichana anakimbia, basi, na bado usingizi hukupati. Ya pili ilikula karibu milioni 100, lakini haikukaa kurudia hadithi kwa pesa nyingi. Iliigeuza. Sura ile ile iliyokuja kuua, sasa inalinda mtoto. Yule msichana mwoga, Sarah wa Linda Hamilton, sasa ana mikono ya mtu anayevuta maji kisimani tangu utoto. Na yule polisi wa chuma cha majimaji, Robert Patrick, alijizoeza kukimbia bila kuonekana anahema. Kazi ya kompyuta kwenye filamu nzima ni dakika kama 5 tu. Kwingine ni vinyago na ujanja. Ilipotakiwa mashine ijigeuze Sarah, na Sarah mwenyewe awe pale pale, walimchukua pacha wa kweli wa Linda, Leslie. Mimi ni Baba Mapasa, baba wa mapacha, jambo hilo liliniingia. Wa kwangu wawili hawajaitwa na Hollywood bado, wanaitwa na mwalimu tu, kwa ajili ya ada, na wanaitwa pamoja.

Halafu anatokea shemeji yangu, ndugu mdogo wa mke wangu, flashi iko mfukoni, anatangaza mbele ya watoto kwamba Dark Fate, ya 6, ya 2019, imezipita zote zilizotangulia.

“Baba Mapasa, hii ndiyo yenyewe. Linda Hamilton amerudi!”

Amerudi, sawa. Umeme ndio haujarudi. Ikabidi nitoe pesa ya petroli ya jenereta. Yeye alitoa maoni.

Hatujatulia hata kwenye viti, John Connor anapigwa risasi. Yule mtoto! Tuliyemkimbiza kwa pikipiki filamu nzima, ambaye Arnold alikubali kuyeyuka kwa ajili yake, anauawa ufukweni Guatemala, mama yake anaona, na hadithi inaendelea kana kwamba limevunjika glasi. Nilitaka kuzima. Lakini petroli ukishaimimina kwenye jenereta hairudi kwenye kidumu.

Wakaniambia tena kwamba ya tatu, ya nne na ya tano hazihesabiwi. Ya 2003, ya 2009, ya 2015, zote zimefutwa, hii mpya inaunganika moja kwa moja na ya pili. Zimefutwa na nani? Mimi nilizilipia! Sikatai kwamba hazikuwa na maana, na hii ya 6 kweli inazishinda zote tatu. Ila mtu akinifutia kitu nilicholipia, ninataka chenji yangu.

Na hiyo Skynet, ile kompyuta iliyotaka kumaliza binadamu, waliishashinda. Kweli, haipo tena. Mahali pake imekuja nyingine, inaitwa Legion, inafanya mambo yale yale. Ni sawa na kumkimbia mwenye nyumba wa mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, unahamia mtaa wa Ruashi, unakuta mwenye nyumba mpya ni kaka yake, na garanti, ile pesa ya kutanguliza, anataka ya miezi ile ile.

Kuna mahali, lakini, niliacha kulalamika. Msichana Dani anafika kazini, kiwanda cha magari, Mexico, na mdogo wake. Wanakuta mahali pa kijana pamewekwa mashine. Hakuna risasi, hakuna mtu aliyetoka wakati ujao akiwa uchi. Mkono wa chuma tu umesimama pale alipokuwa anasimama yeye. Kijana wa jirani, anayeendesha lori mgodini, alikuwa amekuja kuchaji simu yake kwenye jenereta yangu, na hapo aliacha kutafuna karanga. Nikasema haya, sasa filamu imeanza. Imeanza wapi! Waliiacha pale pale, wakapanda ndege, ndege ikapigwa, gari likadondoka kutoka angani, wakaishia kupigana ndani ya bwawa la kutengeneza umeme. Bwawa la umeme, ndugu zangu! Mitambo inazunguka, taa zimewaka kila kona, hakuna anayezihitaji, na mimi ninaangalia kwa petroli ya kupima kwa chupa.

Adui mpya anaweza kujigawa vipande viwili, mifupa huku, nyama kule. Shemeji akapiga makofi. Mimi sikuogopa hata kimoja. Zaidi ya dola milioni 180 ziliingia humo, na wenye pesa zao wakatoka na hasara.

Kitu kimoja tu kilinifurahisha, na shemeji ndicho kilichomuudhi. Ile mashine iliyomuua John, baada ya kumaliza kazi, ilikosa wa kuipa amri. Ikafanyaje? Ikaenda Texas, ikapata mke mwenye mtoto, ikajiita Carl, ikafungua biashara ya mapazia. Arnold mzima, ndevu nyeupe, anaeleza kwa uso mkavu kwamba chumba cha mtoto wa kike hakiwekwi pazia la rangi moja tupu.

“Wamemdhalilisha!” anasema shemeji.

Wamemdhalilisha vipi? Huyo ndiye mtu pekee kwenye filamu ninayemfahamu. Amemaliza mambo ya ujana, ana familia, anatafuta wateja. Wangenipa saa mbili za Carl anabishana bei na mteja, ningenunua petroli nyingine bila kusukumwa.

Bahati mbaya, Mama Mapasa hakuwa amelala. Alikuwa amefumba macho tangu Guatemala, ila kwenye neno pazia aliyafumbua yote mawili.

“Umesikia? Hata chuma kinajua.”

Akavua kitenge cha begani, akaanza kupima dirisha la saloni, pale sebuleni. Na shemeji, huyo huyo aliyemaliza bukari yangu, ugali wote, na vichwa vyote vya samaki wa thomson, ndiye aliyesimama kumshikia ncha ya pili.