Mwambieni habari za B12 kabla ya mapishi

Nimekasirika, na afadhali niseme mapema. Kwenye mkusanyiko mmoja wa kuhamasisha watu waishi kivegani, yaani bila kula chochote kitokacho kwa mnyama, mama aliyepakata mtoto mchanga aliuliza swali ambalo mama yeyote angeuliza: nikiacha nyama, mayai na maziwa, na huyu bado ananyonya, hakuna kitu tutakachokosa? Kijana aliyekuwa mezani akamjibu bila kusita: "Hakuna, dada. Mimea ina kila kitu. Hizo habari za B12 wamezitunga wenye biashara ya nyama." B12 ni vitamini ambayo damu na mishipa ya fahamu haviwezi kukaa salama bila hiyo. Mama akashukuru, akachukua kipeperushi, akaondoka. Nilimfuata nje, tukazungumza mpaka akaelewa. Lakini kina mama waliojibiwa hivyohivyo kabla sijafika, nani aliwafuata?

Ninaandika kama mtu wa ndani. Sili nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali, na sina mpango wa kurudi nyuma. Wanyama wa nchi kavu wanaochinjwa duniani kwa mwaka mmoja wanazidi bilioni 80, samaki hawajahesabiwa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba nyama, mayai, maziwa na samaki wa kufugwa vinachukua takriban asilimia 83 ya ardhi yote ya kilimo, huku vikitupatia asilimia 18 tu ya kalori tunazokula. Hoja zetu ni nzito na zinasimama zenyewe. Ndiyo sababu inaniuma kuona tunazifungamanisha na uongo ambao hazikuwahi kuuhitaji.

Ukweli uko hivi. Hakuna mmea unaotengeneza vitamini B12. Hakuna mnyama anayeitengeneza pia. Inatengenezwa na vijidudu, hasa bakteria. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wanaipata kwa sababu wanacheua: bakteria waliomo tumboni mwao huitengeneza, ilimradi malisho yawe na madini ya kobalti. Udongo ukikosa kobalti, kondoo hudhoofika na hata kufa huku amezungukwa na majani mabichi, na kuna wafugaji wanaolazimika kuwaongezea wanyama wao kobalti au B12 yenyewe. Hata ndani ya utumbo mpana wa binadamu wamo bakteria wanaoitengeneza, ila wako chini ya sehemu ambayo mwili unaifyonza, kwa hiyo hatufaidiki nayo.

Basi anayekula nyama anapata B12 ya bakteria iliyopitia mwilini mwa mnyama, na anayemeza kidonge anapata B12 ya bakteria waliokuzwa kwenye matangi. Kwa kidonge hicho hakuna aliyechinjwa. Sioni aibu hapo, na sioni kwa nini vijana wetu wanalikwepa jambo ambalo wangeweza kulieleza kwa dakika mbili tu.

Na anayesema ni habari za kutungwa hajui hata historia ya harakati anayoitumikia. Vegan Society, jumuiya ya mavegani, ilianzishwa Uingereza Novemba 1944, Donald Watson akiwa miongoni mwa waanzilishi. B12 ilikuja kutengwa maabara mwaka 1948, Marekani na Uingereza karibu wakati mmoja. Wale wa kwanza waliingia katika maisha haya kwa nia njema kabisa bila mtu yeyote duniani kuweza kuwaambia kilichopungua kwenye sahani zao. Miaka ya 1950 wataalamu wa Uingereza waliwachunguza mavegani na kukuta baadhi yao wana vidonda vya ulimi na ganzi mwilini. Wale walikuwa na udhuru. Sisi hatuna. Vegan Society yenyewe leo inawaambia watu waziwazi watumie B12, na inataja hadi kiasi. Kijana wa mezani hampingi muuza nyama. Anawapinga wazee wa harakati yake mwenyewe, waliojifunza somo hili miilini mwao.

Kinachofanya jambo hili liwe la hatari ni kwamba upungufu wa B12 hauji na kishindo. Mwili wa mtu mzima aliyekuwa akila mazao ya wanyama huhifadhi, hasa kwenye ini, takriban miligramu 2 hadi 5, wakati mahitaji ya siku, kwa viwango vya Marekani, ni mikrogramu 2.4, na miligramu moja ni mikrogramu 1,000. Akiba hiyo inaweza kumvusha mtu miaka kadhaa. Hapo ndipo unapozaliwa ule ushuhuda tunaoupigia makofi kwenye kila mkusanyiko: "Miaka mitatu sijameza kidonge, na niko mzima." Ndugu yangu, unatafuna akiba. Umeishi kwa mabaki ya vyakula ulivyoviacha, na siku yatakapokwisha hakuna kengele itakayolia.

Kuna jambo jingine ambalo wachache wanaliongelea. Mlo wetu umejaa foleti, vitamini nyingine ya kundi B, kwa sababu ya majani ya kijani na jamii ya kunde. Foleti ni njema, lakini ikiwa nyingi inaweza kuizuia anemia, yaani upungufu wa damu, inayoletwa na ukosefu wa B12 isionekane. Damu inaonekana salama kwenye kipimo cha kawaida, mgonjwa anaambiwa hana tatizo, na wakati huohuo mishipa ya fahamu na uti wa mgongo vinaendelea kuharibika. Inaanza kwa ganzi na kuchomachoma kwenye vidole vya miguu na mikono. Kisha mwendo unayumba, kumbukumbu inapungua, moyo unakuwa mzito bila sababu. Watu wanasema ni uchovu, ni kazi nyingi, ni umri. Madhara ya mishipa ya fahamu yakikaa sana bila kutibiwa, mengine hayaondoki tena.

Wala tusijidanganye kwamba ni bahati mbaya ya wachache. Watafiti wa Oxford walichapisha mwaka 2010 matokeo ya kupima damu za wanaume wa Uingereza, wakiwemo mavegani 232. Zaidi ya nusu ya mavegani hao, asilimia 52, walikuwa na kiwango cha upungufu. Hawa ni watu wa nchi ambayo vidonge vinapatikana bila shida. Kama wao wako hivyo, je, yule anayeambiwa na mhamasishaji wake kwamba vidonge havina kazi?

Sasa nimrudie mtoto, kwa sababu yeye ndiye aliyenitoa machozi. Mtoto huzaliwa na akiba aliyoipata tumboni kwa mama, kisha hutegemea maziwa. Mama aliyepungukiwa humpa akiba ndogo na maziwa yenye B12 kidogo, na yeye mwenyewe anaweza asijisikie vibaya hata kidogo. Miezi michache ya kwanza mtoto anakua vizuri, kila mtu anafurahi. Halafu anaanza kupoa. Aliyekuwa anacheka haangalii tena uso wa mama yake. Aliyekuwa ameanza kukaa analegea. Anakataa kula, analala mno, kichwa hakikui inavyotakiwa. Akifikishwa kwa daktari anayejua cha kutafuta, sindano za B12 hurudisha damu yake haraka. Ubongo hauna uhakika huo. Madaktari wameandika habari za watoto wa aina hii kwa miongo mingi, na wapo waliobaki nyuma katika kukua ingawa walitibiwa. Yote hayo kwa kukosa kitu ambacho mama anayenyonyesha anahitaji mikrogramu 2.8 tu kwa siku. Huyo mtoto hakuchagua uvegani. Hakusoma kipeperushi. Ukimjibu mama yake ovyo, umemjibu na yeye.

Nikisema hivi, wenzangu huniletea majibu matatu. La kwanza ni mwani na spirulina, ule unga wa kijani wa vijidudu vya majini. Spirulina imejaa kitu kinachofanana na B12 ambacho mwili wa binadamu hauwezi kukitumia, na mbaya zaidi, baadhi ya vipimo hukihesabu kama B12 halisi. La pili ni vyakula vilivyochachushwa. Kiasi chake hakitabiriki, na huwezi kumlea mtoto kwa kubahatisha. La tatu ni mboga zisizooshwa, eti udongo una bakteria. Udongo una minyoo pia, na kuhara. Nimeshangaa kwamba jibu hilo la tatu bado linatolewa na watu wazima.

Jibu sahihi ni fupi kuliko yote matatu. Kwa mtu mzima, mwongozo wa Vegan Society ni kula vyakula vilivyoongezwa B12 angalau mara mbili kwa siku mpaka upate mikrogramu 3, au kumeza kidonge cha angalau mikrogramu 10 kila siku, au cha angalau mikrogramu 2,000 mara moja kwa wiki. Tofauti hiyo kubwa ya namba inawachanganya watu, lakini sababu yake ni rahisi. Njia ya kawaida ya mwili kuifyonza B12 hujaa ikishapokea takriban mikrogramu 1.5 hadi 2 kwa mara moja, na kinachozidi hapo hupenya kwa asilimia 1 hivi tu. Ukimeza mara chache, lazima umeze nyingi. Basi. Hilo linaenea kwenye kadi ya ukubwa wa kiganja.

Naujua wasiwasi ulio nyuma ya ukimya wetu. Tunaogopa kwamba tukitaja kidonge, mtu atasema: kumbe chakula chenu hakijakamilika, basi si cha asili. Nakubali, ingawa sipendi kukubali, kwamba wapo watakaosema hivyo na kuondoka. Kuna watu wanaitumia B12 kama rungu la kutupiga nalo kila tunapofungua mdomo, na wengi wao hawajawahi kujali afya ya mtu yeyote mpaka siku tulipotaja kuku. Waache waseme. Chumvi imeongezwa madini joto katika nchi nyingi na hakuna anayesema chumvi ni ulaghai. Nchini Marekani, wataalamu wa lishe wanawashauri watu wote waliovuka miaka 50 wapate B12 kutoka kwenye vidonge au vyakula vilivyoongezwa, hata kama wanakula nyama, kwa sababu tumbo linalozeeka huweza kushindwa kuitoa kwenye chakula. Anayetumia metformini kwa ajili ya kisukari, au dawa za kupunguza asidi ya tumbo kwa muda mrefu, naye yumo katika hatari. Hoja ya uvegani haikuwahi kuwa uasili. Ni kwamba tunaweza kuishi vizuri bila kuwaumiza wanyama, na kidonge ni sehemu ya kuweza huko.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kila anayeacha uvegani akiwa mgonjwa huondoka na hadithi, na hadithi hiyo huwafikia watu wengi kuliko kipeperushi chochote. Na anakuwa na haki ya kuisimulia, kwa sababu tulimdanganya.

Hoja ya walio mbali na vidonge ina uzito, na sitaki kuipita haraka. Wapo watu ambao B12 haipatikani karibu nao, au ikipatikana inashindana na mahitaji mengine ya nyumbani. Kwa mtu wa namna hiyo, hasa mjamzito au anayenyonyesha, mimi siwezi kumwambia aache mayai leo kisha nimwache na Mungu wake. Nitamwambia apunguze anachoweza, na nitatafuta njia ya kumfikishia vidonge kabla ya kumwomba hatua inayofuata. Vikundi vyetu vinachanga fedha za mabango, spika na fulana. Vinaweza kuchanga za vidonge. Anayeona hilo ni kulegeza msimamo aniambie msimamo wake una thamani gani kwa mtoto aliyelegea shingo.

Madini chuma, madini joto, kalsiamu, vitamini D na omega-3 navyo vinahitaji kuangaliwa, lakini hivyo vina njia nyingi na mjadala wake ni wa siku nyingine. B12 haina njia nyingi.

Kwa hiyo kwenye kila meza ya uhamasishaji nataka kuona mambo haya yakifanyika. B12 itajwe kwanza, kabla ya video za machinjioni, kabla ya mapishi na kabla ya kuonjesha. Asiyeweza kuieleza asipewe zamu ya kujibu maswali ya afya. Apewe kazi ya kupakua chakula, nayo ni kazi ya heshima. Mjamzito na anayenyonyesha waelekezwe kwa mtaalamu wa afya kwa upole, na tusiwaombe ahadi yoyote pale mezani. Na tunapopita tena kuwaona watu waliojiunga nasi, swali la kwanza liwe kama wanameza, kisha ndipo tuulize wamepika nini.

Na wewe uliyekaa miaka bila kumeza kwa sababu mtu kama yule kijana alikuhakikishia, usijitetee kwa mtu yeyote, wala usisubiri dalili. Nenda ukapime wiki hii. Mwambie daktari wazi kwamba huli mazao ya wanyama na hujatumia B12. Omba kipimo cha B12, na kama kinapatikana, cha asidi ya methilmaloniki pia, kwa sababu hicho huonyesha upungufu ambao cha kwanza kinaweza kuukosa. Kama una ganzi miguuni, itaje mwanzoni kabisa. Usikubali kupewa vidonge vya foleti peke yake kabla B12 haijaangaliwa. Ukiwa na mtoto anayenyonya, nenda naye.