Niliangushwa Ukaguzi kwa Sababu ya Balbu za LED, na Bado Naitetea Sheria Ile

Gari langu hapa Coventry ni Nissan Micra ya 2003. Nahudumia wazee majumbani mwao, na zamu zangu nyingi ni za usiku, kwenye barabara nyembamba za vijijini zisizo na taa hata moja. Baridi ya mwaka juzi nilichoshwa na mwanga hafifu wa gari hilo, nikaagiza balbu za LED na kuzifunga mwenyewe nje ya nyumba. Ukuta wa mbele uling'aa mpaka nikacheka kwa furaha.

Furaha ikaisha siku ya MOT, ukaguzi ambao Uingereza kila gari lililopita miaka mitatu huufanya kila mwaka. Mkaguzi alifungua boneti, akaangalia balbu, akaandika kwamba gari limeanguka. Hakuuliza kama zinanisaidia kuona. Mwongozo wa ukaguzi tangu 2021 uko wazi: taa ya mbele iliyoundwa kwa balbu ya halojeni, ile ya kawaida yenye uzi unaowaka, haifai kugeuzwa itumie LED, na ikikutwa imegeuzwa, lazima iangushwe. Ada ya juu ya ukaguzi huo kwa gari dogo ni pauni 54.85, na mimi nalipwa kwa saa. Nilirudi nyumbani nikiwa nimejaa hasira. Niliona ni sheria ya kuwaonea wenye magari makuukuu, kwa sababu gari jipya la jirani lilitoka kiwandani na taa za LED na hakuna aliyeligusa.

Hasira ndiyo iliyonifanya nitafute sababu. Balbu ya gari langu ni ile ya H4, wati 60 kwa fulu, yaani mwanga wa mbali, na 55 ukidimu, yaani ukiushusha. Ndani yake mna nyuzi mbili, na chini ya uzi wa dimu mna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usipande juu. Kioo kilichoko nyuma ya taa kilipimwa kiwandani kikijua uzi umekaa wapi hasa. LED haina uzi. Ina vipande bapa vilivyobandikwa pande mbili za kipande cha chuma, na hata watengenezaji wakijitahidi kuviweka mahali pa uzi, kioo kilekile kinautupa mwanga ovyo. Kwa hiyo taa inakuwa na mwanga mwingi, ila sehemu yake kubwa inaingia machoni mwa mtu anayekuja. Gari la jirani lina taa iliyobuniwa kwa LED tangu mwanzo, kioo na vyote. Kuna magari ambayo mkaguzi hayaangushi kwa kosa hilo, yaliyoanza kutumika kabla ya tarehe 1 Aprili 1986. Ujerumani nako, tangu 2020, kuna balbu chache za LED zilizoruhusiwa, lakini kwa aina za magari zilizotajwa moja baada ya nyingine. Micra yangu haikuwa na mlango wa kupitia. Nikarudisha halojeni.

Pengine ningebaki na kinyongo kama nisingekuja nyumbani Kenya Desemba iliyopita.

Mtoto wa kaka yangu alinipokea Kisumu jioni, tukaanza safari ya kwenda Luanda, Vihiga, kwa gari lake aina ya Probox. Giza lilitukuta Kisian. "Shangazi, nimeweka LED, usiku wangu ni mchana," akaniambia, na kweli mbele yetu lami ilikuwa nyeupe. Lakini tulipoanza kupanda kuelekea Maseno, kila gari lililotujia lilituwashia fulu. Kijana alikuwa amedimu, nilimwona kwa macho yangu. Waliotujia walidhani amewakatalia, wakamlipiza, naye akawalipiza. Wengi wao walikuwa na LED kama zake. Kabla hatujafika pale ikweta inapopita, matatu moja ilitujia na mwanga wa buluu, na kwa sekunde kama tatu hatukuona chochote, si lami, si ukingo. Mwanga uliporudi machoni, mbele yetu palikuwa na mzee anasukuma baiskeli yenye gunia, hana taa wala kitu cha kuakisi. Kijana alipinda usukani. Gunia liligusa kioo cha pembeni.

Mzee alikuwa salama. Mimi nilitetemeka mpaka Luanda.

Nasema haya nikijua kwa nini watu wetu hufunga taa hizi. Hapa Coventry barabara kuu zina mistari inayong'aa na ukingo unaoonekana. Kwetu dereva anatafuta shimo, ng'ombe, bodaboda isiyo na taa ya nyuma, na ukielekea Mumias anatafuta trela la miwa lililokufa katikati ya njia. Anayehitaji mwanga zaidi ni dereva wa Kenya, si mimi. Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wa ughaibuni wanaosema wenye LED nyumbani ni washamba wasiojali. Wanajali sana. Wameuziwa dawa isiyo ya ugonjwa wao.

Asubuhi yake tulifanya jambo ambalo nilitamani kila fundi wa umeme wa magari kule alione. Tulitafuta mahali tambarare kando ya ukuta wa kanisa, tukaegesha Probox mita 10 kutoka ukutani, tukaweka alama ya chaki usawa wa katikati ya taa. Kwa kipimo cha MOT, taa ambayo katikati yake haizidi sentimita 85 kutoka ardhini inatakiwa, ikiwa imedimu, ukingo wa juu wa mwanga wake ushuke kati ya asilimia 0.5 na 2. Kwa mita 10 hiyo ni sentimita 5 hadi 20 chini ya chaki. Basi. Hakuna mashine ya mamilioni. Tulipowasha LED, hapakuwa na ukingo wowote: mwanga ulitapakaa mpaka kwenye mabati ya paa. Tukarudisha halojeni zake za zamani, na mstari ukajitokeza ukutani, umenyooka, upande wa kushoto ukipanda kidogo kuelekea ukingo wa barabara. Taa moja tu ilikuwa imeinama kupita kiasi, tukaikaza kwa bisibisi.

Halojeni zilikuwa hafifu, ni kweli. Tulipotafuta sababu tukakuta plastiki ya taa imepiga manjano, na waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, umeshika kutu. Volti zikipungua kwa asilimia 10 tu, balbu ya halojeni hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga wake. Tukasugua plastiki kwa msasa laini wa maji, tukasafisha ethi. Usiku ule kijana aliona mbali zaidi kuliko alivyotarajia, na hakuna aliyemwashia fulu kutoka Luanda hadi Maseno.

Sheria kwetu ipo. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinakataza gari kutumika barabarani likiwa katika hali ya kuhatarisha wengine, na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, hukagua matatu kila mwaka. Ninachoomba ni kwamba taa ipimwe inapomulika, kwa namba, mbele ya mwenye gari, ili dereva aone mwenyewe mwanga wake unakwenda kwa nani. Marufuku matupu kama ya hapa yangewaacha watu gizani na plastiki zao za manjano. Na muuzaji wa spea anayempa mtu balbu ya LED kwa taa ya halojeni amweleze ukweli kabla hajapokea pesa.

Wiki jana kijana alinitumia picha. Ile alama ya chaki ukutani ameipaka rangi nyeupe, kwa ruhusa ya wazee wa kanisa, na mbele yake zimepanga foleni Probox mbili na bodaboda moja.