Nzi ni Kikohozi

Sanduku lenyewe lilikuwa zuri. Hilo naomba tukubaliane kabla sijaendelea, maana watu wakishasikia mwisho wa habari hii hakuna anayeuliza tena kuhusu useremala.

Mimi na Mama Swafiya tunaishi ndani ya boti. Si jahazi, si ngalawa. Ni boti nyembamba ya chuma ya huku Uingereza, urefu futi 50, upana futi 6 na inchi 10, kwa sababu malango mengi ya maji kwenye mifereji ya katikati ya nchi yalijengwa kwa upana wa futi 7 na hakuna wa kuyabishia. Nikinyoosha mikono, nimegusa kuta mbili. Kilichotuleta majini ni kodi ya nyumba. Ndugu zetu Mombasa wakiuliza tunakaa wapi, tunajibu "karibu na maji," nao huona picha ya Nyali.

Sasa, boti hizi zina madoido yake. Zamani zilipokuwa zikibeba makaa ya mawe, mtu na mkewe na watoto waliishi kwenye kijumba cha nyuma kisichozidi kitanda, na kwa kuwa hawakuwa na nafasi ya kuweka pambo, wakapamba vilivyopo: milango, ndoo, kopo la maji, kila kitu kimechorwa mawaridi na ngome. Na juu ya paa la chumba cha injini kuna kisanduku cha mbao chenye vipaa viwili vinavyofunguka kwa bawaba, kama kitabu kilicholazwa kifudifudi, kila kipaa na kioo chake cha mviringo. Mwanga unaingia, joto linatoka. Waingereza hukiita sanduku la njiwa. Njiwa sijamwona, ila bata walihamia siku ya pili.

Mimi baba yangu alikuwa seremala, na babu vilevile, kwa hiyo Mama Swafiya aliponiambia kwamba anaungua vidole kwa kupika gizani, sikufikiria kununua taa. Nilifikiria sanduku la njiwa.

Nilitumia mbao za mwaloni. Nikazipiga randa, nikaunga pembe kwa ndimi bila msumari hata mmoja, na ukingoni nikachonga nakshi za milango ya Lamu. Mahali pa ngome ya Kizungu nikachora Fort Jesus, na mnazi kando. Mzee mmoja wa boti ya jirani akasimama akaitazama sana, akaniuliza iko sehemu gani ya Scotland. Nikamwambia ni ya Wareno, walianza kuijenga 1593. Akasema amekuwa akitaka siku nyingi kwenda Ureno.

Ndani, chini ya ukingo, pale ambapo mtu haoni mpaka aingize mkono, niliacha kidaka kidogo kama vile vya kwenye kuta za nyumba za zamani kwetu. Mama Swafiya akauliza ni cha nini. Nikamwambia ni cha kuwekea bisibisi.

Kukata tundu kwenye paa sitaki kukueleza kwa urefu. Paa ni chuma cha milimita 4, grenda inapiga kelele za kufufua wafu, na nilipomaliza tu kukata, mvua ikaanza. Usiku ule tulilala na sufuria ya pilau katikati ya ujia, inajaa, tunamwaga, inajaa.

Sasa vioo. Vile vioo vinaitwa jicho la fahali: vinene, upande mmoja bapa, upande wa pili vimetuna kama tumbo la mtu aliyekwisha kufuturu. Nilivipata kwenye gulio la vitu vikuukuu vya boti, viwili, na duara zake za shaba ya manjano. Upande wa bapa ulikuwa na ukungu, kama kioo cha dirisha la bafu. Aliyeniuzia, mzee wa makamo ya babu, akaniambia, "Usivisugue. Viache hivyohivyo." Nikaitikia kwa adabu, huku moyoni nasema: kumbe uvivu hauna kabila.

Jioni tano nilivisugua. Nilianza na msasa wa maji namba 400, nikapanda 800, nikafika 2000, nikamalizia na unga wa kung'arishia vioo. Mama Swafiya alilala akaniacha nikisugua, akaamka akanikuta nikisugua. Vilipokamilika ungeweza kusomea gazeti. Nikavifunga kwa skrubu na silikoni, nikalitia sanduku juu ya tundu, na kesho yake jua la Aprili lilipoingia, ujia wote ukawaka kama ua wa msikiti. Nilijisikia fundi.

Nimezaliwa Mombasa. Jua la Uingereza sikuwahi kulihesabu miongoni mwa majua.

Wiki moja baadaye, tumefunga kamba Braunston, kijiji cha kando ya mfereji, uwanja mweupe, hakuna mti, Mama Swafiya akaniita. "Baba Swafiya." Akiniita kwa sauti ya chini huwa najua nimekosa. Nisilolijua ni kosa lipi.

"Naam."

"Kofia yako ina tundu."

"Kofia hii ni ya vitundu, mama. Ndivyo ilivyoshonwa."

"Aliyeishona hakutumia moto."

Nikaitazama. Kofia ya mkono, imeshonwa miezi, vitundu vyake vimepangwa kama nyota, na katikati ya nyota tundu moja jeusi ukubwa wa punje ya choroko, limekauka ukingoni. Nikanusa. Kilichoungua.

Lazima uelewe kwamba nilikuwa nimeacha sigara. Niliacha Ramadhani ya mwaka uliopita, mbele ya mashahidi, wengine kwa simu kutoka Mombasa. Kwa hiyo nilisimama wima, nikaweka mkono kifuani, nikasema, "Wallahi, sijavuta sigara ndani ya boti hii." Na neno kwa neno, kiapo kile ni kweli mpaka leo.

Hakunijibu. Alianza kunusa mashati yangu.

Sheria ya huku ni kwamba ukiwa huna maegesho yako mwenyewe, hukai mahali pamoja zaidi ya siku 14. Unahama. Basi tukahama, tukashuka malango 7 ya Buckby, tukapita handaki la Blisworth, kilomita 2.8 za giza na matone shingoni, tukafunga kamba upande wa pili chini ya miti. Siku 14 nzima hakuna tundu hata moja. Nikaanza kupumua. Tukageuza, tukarudi Braunston, na siku ya tatu pazia la jikoni likawa na mstari mweusi kama konokono amepita na makaa mgongoni.

Mama Swafiya ana akili ya upelelezi. Aliandika kwenye kalenda. Miti: hakuna. Braunston: matundu. Akanionyesha kwa kidole. "Na nani anakaa Braunston?" Braunston anakaa rafiki yangu mmoja wa Tanga, ambaye yeye na sigara walizaliwa pacha. Sikuwa na la kusema. Ushahidi ulikuwa mzuri kuliko ukweli wangu.

King'ora cha moshi, ambacho hulia kila akikaanga mahamri, siku zote hizo kilinyamaza kama shahidi aliyehongwa.

Halafu ikaja leso. Leso hiyo alipewa na mama yake siku ya kuagana, na jina lake ni methali kila mtu anaijua: MAPENZI NI KIKOHOZI HAYAWEZI KUFICHIKA. Aliifua, na kwa kuwa nje huwezi kuamini mawingu, akaianika kwenye kamba ya ujiani, tukaenda kazini. Tuliporudi jioni alisimama mbele yake muda mrefu, mkoba bado begani.

"Njoo usome," akasema.

Herufi nne za mwanzo zilikuwa zimeliwa na mstari wa moto, safi kabisa, kama mwalimu aliyekata kosa kwa kalamu.

"Soma."

"Nzi ni kikohozi," nikasoma, "hayawezi kufichika."

"Hata sarufi umeiharibu."

Usiku ule nililala upande wa injini.

Jumamosi hatukwenda kazini. Ilikuwa kama saa saba mchana, jua limetoka, Mama Swafiya yuko jikoni anapika mbaazi za nazi na haongei nami ila kwa kupitia sufuria. Nikasikia harufu. Harufu ileile ya kofia. Nikainua macho: kutoka kwenye kitambaa cha vyombo kilichoning'inia kambani kulikuwa kunapanda uzi wa moshi, mwembamba, hauna haraka. Hakuna mtu. Hakuna kiberiti. Mtu wa pwani akiona moto usio na mwenyewe, ya kwanza kumjia si fizikia. Nikasoma niliyoyajua, nikavuta kigoda, nikapanda nikinyofoe kitambaa na kuangalia juu kuna nani.

Kichwa changu, niseme tu, hakina nywele. Na kofia ilikuwa imestaafishwa kwa sababu ya tundu.

Kwanza nilihisi joto, la kupendeza, kama mkono wa mganga. Halafu nikaumwa na nyigu ambaye hakutaka kuondoka.

"Yallah!"

"Usitikisike!" Mama Swafiya alikuwa amegeuka na mwiko mkononi. Anatazama utosi wangu. "Baba Swafiya, una nukta."

"Nukta gani? Naungua!"

"Nukta ya jua. Kama shilingi." Akanyoosha mwiko juu ya kichwa changu, kati ya kioo na kipara. Maumivu yakakoma. Akauondoa. Yakarudi. Akaurudisha, yakakoma. Akauondoa tena, na mara hii ya pili naamini haikuwa kwa ajili ya utafiti.

Basi hapo ndipo tulipofahamu. Kioo kile kinene, kilichotuna upande mmoja, ni lenzi. Kinakusanya jua lote linaloangukia duara lake zima na kulibana likawa nukta, na nukta hiyo ilikuwa inaangukia karibu shibiri moja chini yake: pale pale penye kamba ya nguo, penye msumari wa kofia, na penye utosi wa mtu aliyesimama juu ya kigoda. Jua linavyosogea, nukta inasogea, ndiyo mistari. Chini ya miti hakuna jua, ndiyo amani. Braunston boti yetu hulala mashariki na magharibi, kioo kimoja kinatazama kusini kutwa.

Nikamwita yule mzee wa jirani, aliyependa Ureno. Alicheka mpaka akashikilia usukani wa boti yangu asianguke majini. Akaniambia kila mtu wa mifereji anajua hilo, kwamba vioo vile vimewahi kuunguza boti, kwamba wanaohusika na usalama wa boti wanaonya juu yake, na kwamba ndiyo sababu upande wa ndani husagwa mpaka ushike ukungu, mwanga utawanyike. "Vyako havikuwa na ukungu?" akauliza.

Nikatazama maji.

Mama Swafiya hakuomba msamaha kwa maneno. Alinipaka asali utosini, akanipakulia mbaazi kwanza, akaniita "baba" bila kuongeza jina. Mtu akiishi na mwenzake miaka 19 anajua kupokea. Nami nikasamehe kwa ukarimu mkubwa, nikataja kidogo tu suala la kulala upande wa injini, kidogo, labda mara nne.

Kisha nikachukua msasa namba 80, ule wa kuulia mbao, nikasimama kuharibu kazi ya jioni tano. Iliwezekana kwa dakika kumi. Kioo cha kwanza kilitoka vizuri. Cha pili skrubu moja ilikwama, bisibisi yangu ikawa fupi, na mikono yangu yote miwili iko juu nimeshika kioo kisiniangukie kwenye asali.

"Nipe bisibisi ndefu," nikasema. "Ipo kwenye sanduku la vifaa, kule nyuma."

"Ya nini kwenda nyuma?" akasema Mama Swafiya, sauti tamu, mwanamke aliyetaka kusaidia. "Si ulisema za hapa zinakaa kidakani?"

Alikuwa ameshapanda kigoda kabla sijapata la kusema. Nilisikia vidole vyake vikipapasa chini ya ukingo, taratibu, kisha vikasimama. Pakiti ya karatasi ina mlio wake.

"Baba Swafiya," akaita, kwa sauti ile ya chini.

"Naam."

"Bisibisi zako zimebaki saba."