Profesa Kasema Hajui

Jumanne iliyopita profesa wangu alisema hajui, na mimi tangu siku hiyo sijatulia.

Subirini kwanza, msinicheke. Nipo mji mmoja mdogo kusini mwa Uswidi, nasoma shahada ya uzamili ya uendelevu. Darasani tupo kumi na wawili na karibu kila mtu katoka kwenye fani yake: kuna mhandisi wa umeme, mwanasheria, mchumi, muuguzi, dada mmoja aliyesomea falsafa, mwingine theolojia (naam, theolojia), na mimi bwana misitu wa Morogoro. Siku hiyo ilikuwa zamu yangu kuwasilisha. Mada yangu ni mkaa wa Kilosa. Nikafika kwenye picha ya magunia yaliyopangwa kando ya barabara, lumbesa zenyewe, zimeshonewa kamba juu zikatuna utadhani zina mimba ya miezi tisa. Mhandisi akanyoosha mkono: gunia moja ni kilo ngapi?

Nikamwambia inategemea unauziwa wapi na nani anakuuzia. Porini ni jingine, barabarani jingine, likifika Dar linafunguliwa linapunguzwa linakuwa jingine, na jina ni lilelile, gunia. Akadhani natania. Alikuwa na jedwali lake kwenye kompyuta, safu ya uzito inasubiri namba. Mwanasheria akauliza kama lumbesa inaruhusiwa. Nikasema hairuhusiwi. Sasa mbona iko barabarani mchana kweupe? Hapo nikageuka kumtazama profesa aniokoe. Mzee wa watu, mchumi wa mazingira, mvi tupu, kafundisha miaka mingi kuliko umri wangu. Akavua miwani, akasema: "Hili mimi silijui kabisa. Tufundishe." Akachukua kalamu akaandika kwenye daftari lake, herufi moja moja, l-u-m-b-e-s-a.

Jamani, mara ya mwisho kumsikia msomi wa kwetu akisema "hili silijui" mbele ya wanafunzi ilikuwa lini? Mimi nimekaa chuoni huko nyumbani miaka minne na sikumbuki hata moja. Nimesikia "utaratibu utafuatwa". Nimesikia "hilo liko nje ya mada". Nimesikia "kasome mwenyewe". "Silijui" bado.

Chuo nilichosoma sitakitaja, na anayekijua anyamaze. Kwa ajili ya tasnifu ya shahada ya kwanza nilikaa Kilosa wiki sita nahesabu visiki. Nikaandika sura nne za visiki: kipenyo, urefu, machipukizi mangapi kwa kila kisiki. Nikaongeza sura ya tano, nani anapata shilingi ngapi kwenye gunia moja, kuanzia mchomaji anayelala kando ya tanuri, dalali, dereva, hadi mama anayepima kwa sado mlangoni kwake. Ile sura niliipenda kuliko zote. Msimamizi wangu akaipiga mstari mwekundu kona hadi kona, pembeni akaandika maneno manne: "Hii ni sosholojia. Toa." Nikaenda kwa mwalimu wa sosholojia kuomba msaada. Akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akaniambia mkaa ni mambo ya watu wa misitu. Nikaitoa. Nikapata B+ yangu nikarudi nyumbani.

Sura hiyohiyo ndiyo iliyonileta huku. Niliichomeka kwenye maombi yangu, na walipoandika kunikubali waliitaja yenyewe. Visiki hawakuvigusa.

Najua mnachotaka kusema. "Huyu juzi tu alikuwa anagombania siti Msamvu, leo kaona theluji anawatukana walimu wetu." Sijamtukana mtu. Yule msimamizi anautambua mti usiku kwa kushika gome. Nimemwona kwa macho yangu, tochi imezimika, anapapasa gome, ananusa, anataja jina la kisayansi na la Kikaguru. Mtu wa namna hiyo huku sijakutana naye. Ninacholia nacho ni ule ukuta. Wa misitu yuko upande huu, wa sheria upande ule, wa uchumi kajifungia na feni yake, halafu mwananchi anazungushwa: nenda idara ile, rudi kesho, wataalamu wapo kwenye semina.

Mwingine atasema kuchanganya fani ni anasa ya waliokwisha kushiba, sisi tunataka wahandisi na madaktari. Haya, twende Kilosa, maana hapo sihitaji mfano wa Uswidi. Kuanzia mwaka 2012 vijiji kadhaa kule vilianza kuvuna mkaa kwa mpango. Msitu wa kijiji unagawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, vinavunwa kwa kuruka kama dama, kisiki kinaachwa kichipue, na kitalu hakirudiwi mpaka miaka 24 ipite. Kijiji kinatoza ushuru wake. Sasa niambieni, mpango huo ni wa fani gani? Ile miaka 24 ni ya bwana misitu. Kijiji kupata nguvu ya kumzuia mtu wa mjini na lori lake ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002. Ushuru uwe kiasi gani mchomaji asikimbilie njia za panya, hiyo ni hesabu ya mchumi. Na nani aingie kwenye kamati ili mkutano wa kijiji usigeuke ugomvi wa koo, hapo mwiteni mtu wa sosholojia, yule niliyeambiwa nimtoe pamoja na sura ya tano. Ondoa mmoja uone kama utabaki na msitu.

Na huko nyuma zaidi? Wangari Maathai alipata udaktari wake Nairobi mwaka 1971 kwa anatomia ya mifugo. Mifugo! Mwaka 1977 akaanza kupanda miti na akina mama, mwaka 2004 akachukua Nobeli ya amani. Angekuwa na msimamizi mwenye kalamu nyekundu angeambiwa arudi kwenye ng'ombe. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ipo tangu 1973, na kila aliyepita anaikumbuka DS, lile somo la maendeleo (Development Studies), mhandisi na mwanasheria ukumbi mmoja, nusu wamelala. Wazo tulikuwa nalo kabla hawa wenzangu hawajazaliwa. Tukaligeuza somo la kufaulia.

Huku maktabani nimekuta ramani za maporomoko ya Mgeta, yale ya mvua za Februari 1970. Watu wa Uppsala na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipanda milima pamoja wakayapima. Mimi mtu wa Morogoro nimekuja kuviona vilima vya bibi yangu kwenye rafu ya Uswidi, vimepigwa namba. Nilisimama pale mpaka taa ya kujizima ikazima.

Lakini msidhani huku ni peponi. Wiki tatu nzima za mwanzo tulibishana maana ya neno lenyewe, uendelevu. Tulianza na ile ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1987, ya tume ya Bi Brundtland wa Norway: kukidhi mahitaji ya leo bila kuwanyima wa kesho uwezo wa kukidhi yao. Dada wa falsafa akauliza "mahitaji" ni nini. Wa theolojia akauliza "wa kesho" wana haki gani ilhali hawajazaliwa. Saa nne mapumziko ya kahawa na mikate ya mdalasini, saa tisa tena kahawa, na bado tuko kwenye "mahitaji". Nilitamani msimamizi wangu atokee mlangoni na kalamu yake. Kuna siku unahitaji mtu wa kusema "toa".

Na kuna jambo linanikera mpaka koo linakauka. Chumba changu kina joto zuri, natembea na fulana wakati nje maji yameganda. Joto linatoka kwenye mtambo wa mji, linapitishwa na mabomba ya maji moto chini ya barabara. Nchi hii sehemu kubwa ya joto la namna hiyo inatokana na kuchoma taka na chipsi za miti. Miti! Kwenye vitabu vyao hiyo inaitwa nishati jadidifu, ina mchoro wa jani la kijani. Mama yangu akiwasha mkaa kuchemsha maharage, hiyo inaitwa uharibifu. Niliwauliza darasani tofauti iko wapi. Mhandisi alikuwa na jibu, na lilikuwa jibu zuri: mtambo haupotezi joto, moshi unachujwa, na msitu wanaoukata wanaupanda. Nikakubali. Ila nikawaambia mama naye angepewa mtambo asingeukataa.

Mama mtungi wa gesi anao, wa kilo sita. Umekaa pembeni ya jiko umevikwa kitambaa cha kudarizi. Chai anachemshia gesi. Maharage, mkaa. Serikali ina mkakati wake wa nishati safi, asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, nami nauombea mema. Ila maharage hayajausoma. Anayeyajua maharage kwenye kamati ni nani?

Bibi ndiye aliyenimaliza. Nilimpigia kumweleza nasomea nini. Nikasema uendelevu, bibi. Kimya. "Unasomea kuendelea?" Ndiyo, bibi. "Kuendelea na nini?" Nikaanza kujieleza, mazingira, uchumi, jamii. Akanikatiza: sasa ukirudi utakuwa nani, bwana misitu, au hakimu, au nani? Swali lake ndilo hilohilo la matangazo ya kazi. Pale panapoandikwa "awe na shahada katika moja ya fani zifuatazo", yangu haimo. Nitaomba chini ya "au fani nyingine inayolingana nazo" na Mungu atajua. Mnaosema nimekuja huku kujimwambafai, mjue najimwambafai na cheti kisicho na mstari wake kwenye fomu.

Basi baada ya ile Jumanne, kichwa kikiwa kimepanda, nikafanya kitu cha kitoto. Nilimtumia yule msimamizi kazi yangu yote kwa WhatsApp, kurasa 40, sura ya tano ikiwa ya kwanza. Nikaandika: "Shikamoo mwalimu. Naomba upitie ukipata nafasi." Tiki mbili za bluu zikakaa siku mbili. Nikajiambia, umeona? Ukuta.

Alhamisi usiku akajibu. "Marahaba. Hongera sana. Ukurasa wa 14, picha ya juu: huo si mtundu, ni myombo. Hesabu vijani."

Nikaifungua picha ya ule mti nikaivuta. Mtundu kila jani lina jozi chache za vijani, vipana. Myombo vinakuwa vidogo vidogo, vimejipanga kama unyoya. Nilihesabu jozi kumi na saba nikaacha. Mhandisi alikuwa ameipitia hiyo picha, mwanasheria, mchumi, profesa mwenyewe, na maelezo yaliyo chini yake niliyaandika mimi, bwana misitu.

Nimemjibu: "Asante mwalimu, nimerekebisha." Kuhusu sura ya tano hakusema kitu.