Mwezi Ambao Riwaya Ilipungua

Mwezi huu riwaya yangu imepungua maneno elfu tisa hivi, na kwangu huu ndio mwezi wenye mafanikio kuliko yote tangu mwaka uanze. Najua taarifa za waandishi huwa haziandikwi hivi. Kawaida mtu hutangaza ameandika maneno mangapi, wenzake wakampongeza, mambo yakaishia hapo. Mimi hesabu hiyo imenichosha. Inampa mwandishi raha ya fundi anayehesabu matofali bila kuangalia kama ukuta umenyooka.

Hesabu yenyewe si ya leo. Anthony Trollope, mwandishi wa Uingereza wa karne ya 19, alieleza katika tawasifu yake iliyotoka mwaka 1883 kwamba alikuwa akiweka saa mbele yake na kujidai maneno 250 kila robo saa. Aliandika alfajiri kabla ya kwenda kazini posta, na kwa utaratibu huo aliacha riwaya 47. Tawasifu hiyo ilimpunguzia hadhi kwa muda, maana wasomaji hupenda kuamini kwamba riwaya hushuka kutoka mbinguni. Zaidi ya miaka mia baadaye, mwaka 1999, ikaanza NaNoWriMo, changamoto ya kuandika maneno 50,000 ndani ya mwezi wa Novemba, wastani wa maneno 1,667 kwa siku. Waliokuwa wakiiendesha walitangaza mwaka 2025 kwamba wanasitisha shughuli zao. Siidharau njia hiyo. Kwa rasimu ya kwanza, idadi ni kiboko kizuri. Bila kiboko wengi wetu tungekuwa bado tunatafuta sentensi ya kwanza iliyo kamilifu. Ila rasimu ya pili ina sheria zake, na ukiipeleka kwa kiboko kilekile itanenepa tu.

Riwaya yangu inahusu kaka na dada waliogombana juu ya nyumba ya baba yao, na usiku mmoja ambao kila mmoja wao anaukumbuka kivyake. Rasimu ya kwanza ilisimuliwa na dada, kwa nafsi ya kwanza, mwanzo hadi mwisho. Ilisomeka vizuri, na hapo ndipo penye tatizo. Dada ana ulimi mtamu, anashinda kila hoja, na kaka anabaki kuwa mtu wa kusemwa tu. Kwa hiyo mwezi huu nimeihamishia yote kwenye nafsi ya tatu.

Asiyewahi kuifanya kazi hii atadhani ni kubadili "nilifungua" kuwa "alifungua" na kwenda kulala. Kafka alifanya karibu hivyo. Riwaya yake ya Das Schloss, ile ya mpima ardhi anayeshindwa kufika kwenye ngome, aliianza mwaka 1922 kwa nafsi ya kwanza, kisha akarudi nyuma, akaifuta "mimi" na kuweka herufi K. Nadhani yeye alipata nafuu kwa sababu mhusika wake hajielezi sana. Anakwenda, anagonga mlango, anafukuzwa. Dada wangu anajieleza kupita kiasi. Sentensi kama "sikujua kwamba angenisaliti" imebeba uchungu wa mtu ambaye sasa anajua. Iandike "hakujua kwamba angemsaliti" na ghafla kuna mtu mwingine anayejua, na msomaji ana haki ya kuuliza ni nani huyo. Sentensi za namna hiyo zilikuwa zimejaa kila sura. Karibu zote nimezifuta, na cha kushangaza ni jinsi riwaya isivyozikumbuka.

Halafu kuna shida ambayo kila anayeandika kwa Kiswahili ameshakutana nayo. Dada na kaka wakiwa chumba kimoja, "alimtazama" haisemi nani kamtazama nani. Ukirudia majina kila mstari, ukurasa unachosha. Njia niliyoipata ni kumpa kila mmoja mwili wake: dada hashiki kitu bila kukipanga upya, kaka hakai chini hata akiombwa. Mtu akisogeza vikombe mezani, msomaji anajua ni nani. Hilo limenilazimu kuwaangalia wahusika wangu, wakati zamani nilikuwa nawasikiliza tu, na kaka amefaidika zaidi. Sasa ana mikono, ana mgongo, ana namna yake ya kusimama mlangoni.

Jirani yao, mzee mcheshi niliyempenda sana, ameondoka kabisa. Kazi yake katika rasimu ya kwanza ilikuwa kusikiliza siri za dada, na nafsi ya tatu haihitaji msikilizaji. Maneno kama elfu nne yameondoka naye. Nimeyaweka kwenye faili la peke yake. (Kila mwandishi ana faili hilo. Sijawahi kumsikia aliyelifungua tena.)

Kuna ushauri unaosema ukiwa ndani ya riwaya usisome wala kutazama kazi za wengine, zisije zikakuambukiza. Mimi naona ni woga. Kazi nzuri ikiniambukiza, nashukuru.

Iliyonifaa zaidi mwezi huu ni Rashomon ya Akira Kurosawa, filamu ya mwaka 1950 isiyofika hata saa moja na nusu. Kifo cha samurai msituni kinasimuliwa mara nne: na jambazi, na mke wa marehemu, na marehemu mwenyewe kupitia mwanamke anayepandwa na roho, na mkata kuni aliyekuwa karibu. Kwamba maelezo yanagongana, kila mtu hulisema. Mimi nimeshikwa na jambo lingine: wale watatu wa mwanzo, kila mmoja anakivuta kifo kile upande wake. Jambazi anajisifu kuwa ndiye aliyeua, mke anasimulia kana kwamba jambia lilikuwa mkononi mwake, marehemu anasema alijiua. Hakuna anayedanganya ili kukwepa lawama. Wanadanganya ili wabaki watu wa heshima machoni pao wenyewe. Nilisimamisha filamu, nikaandika kitu kuhusu kaka, na sura nzima ikageuka: hadi wiki ile alikuwa akikana, sasa anakiri zaidi ya alichofanya.

Baada ya hapo nikarudi kwenye Vuta N'kuvute, kwanza riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, kisha filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021. Yasmini ameozwa mwanamume aliyemzidi sana umri, anaikimbia ndoa hiyo, anakutana na Denge, mpigania uhuru, katika Zanzibar ya miaka ya 1950. Waliosoma kitabu hulalamika kwamba filamu imeacha mengi. Imeacha, ndiyo. Imeegemea mapenzi ya wawili hawa, na pale Shafi anapotumia aya nzima ya mazungumzo, Shivji anaweka uso, rangi ya ukuta na ukimya. Malalamiko hayo yanachukulia kwamba uaminifu kwa kitabu ni kukibeba chote. Sikubaliani nayo. Kitabu kinachobebwa chote hadi kwenye skrini huishia kuwa orodha ya matukio yanayokimbizana. Ukiniuliza nichague, bado nachukua kitabu, kwa sababu watu wa Shafi wakianza kuongea sitaki wanyamaze. Lakini kwa kazi niliyonayo sasa, filamu ndiyo iliyonifundisha.

Usiku nimekuwa nikisikiliza rekodi za zamani za Siti binti Saad, aliyesafiri na kundi lake hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Upande mmoja wa santuri za zama hizo ulibeba dakika tatu na kidogo. Wimbo ambao ukumbini ungeweza kurefushwa kadiri wasikilizaji walivyonogewa, hapo ulilazimika kuisha, upende usipende. Husikii haraka katika sauti yake. Unachosikia ni mtu aliyekwisha kuamua kipi kiingie.

Na Bwana Msa, kwa mara nyingine tena. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, bado inanichekesha, na bado sijui mwandishi anafanyaje hadi mpelelezi wake anafikiri mbele yetu bila sisi kuona anachofikiri. Bwana Msa anavuta kiko, anauliza swali linaloonekana la kipuuzi, na sura inakwisha.

Nikalinganisha na tamthilia moja ya upelelezi, mpya, vipindi kumi, ambayo sitaitaja. Kisa chake kinatosha vipindi vinne. Vile sita vya katikati vinawatembeza wapelelezi kwenye magari, kila mmoja akipewa ndoa iliyovunjika na mtoto asiyeongea naye, kana kwamba huzuni ikirundikwa mtu hupatikana. Uigizaji ni mzuri, taa ni nzuri, na mimi nililala kipindi cha sita nikaamka cha saba bila kupoteza chochote. Mswada wangu nao ulikuwa na sura mbili za namna hiyo. Hazipo tena.

Mwezi ujao naanza na sura ya tisa, ile ya hospitali, ambamo kaka na dada wanabaki peke yao kwa mara ya kwanza bila jirani wa kuwapatanisha. Nahisi itakuwa ndefu, na nitaiacha irefuke. Pembeni nimeweka Nagona ya Euphrase Kezilahabi, kijitabu chembamba cha mwaka 1990, nikisome polepole. Idadi ya maneno nitakayofikisha mwishoni mwa mwezi, asiniulize mtu.